Maisha na Mauti Klondike

Kabla sifa za Klondike hazijaenea ulimwenguni, mfanyabiashara mmoja wa siku nyingi katika mto Yukon, Jack McQuesten, alikuwa na ada ya kupanga nje ya duka lake chupa kadhaa mbele ya macho ya kila apitaye: moja ya zebaki, moja ya wiski, moja ya mafuta ya taa, na moja ya dawa ya maumivu iliyouzwa zamani zile karibu katika kila duka la Marekani. Mchimbaji aliyekusudia safari alizitazama chupa hizo kwanza. Akiona zebaki imeganda, alijua kuwa baridi imepita nyuzi 39 chini ya sifuri, na kwamba atakayelala mbali na moto usiku ule huenda asiamke. Na akiona hata ile dawa imeganda, basi hata awe na haraka namna gani, alirudi ndani, akafunga mlango, akaongeza kuni. Habari za watu walioingia katika nchi hiyo, iliyo katika pembe ya kaskazini magharibi ya Kanada, zimesimuliwa aghalabu kwa hesabu ya wakia za dhahabu. Mimi nataka kuzisimulia kwa hesabu nyingine: walikula nini, walilala wapi, waliuguzwa na nani, na walipofikwa na mauti ni nani aliyewachimbia kaburi, kwa kuwa naamini kwamba mji ule ulisimama juu ya mikono ya wachache waliowatunza wengine, na wachache hao ndio waliosahauliwa upesi.

Dhahabu yenyewe ilionekana mwezi wa Agosti 1896, katika kijito kilichoitwa Rabbit, ambacho baada ya siku chache tu kilipewa jina jipya la Bonanza. Walioiona walikuwa jamaa wa nyumba moja: Keish, mtu wa kabila la Tagish ambaye wageni walimwita Skookum Jim, dada yake Shaaw Tláa, aliyejulikana kwa jina la Kate, mpwa wao Káa Goox, na mume wa Kate, George Carmack, Mmarekani. Carmack alisema ni yeye aliyeiona kwanza, na jamaa wa Keish wameshikilia vizazi na vizazi kuwa ni Keish. Lakini kitalu cha ugunduzi kiliandikwa kwa jina la Carmack, kwa kuwa waliamini serikali isingekubali haki hiyo impate mwenyeji. Hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hata changarawe haijaoshwa, milki ya nchi ilikuwa imekwisha kuhamia kalamuni.

Ulimwengu haukupata habari mpaka Julai 1897, meli mbili zilipotia nanga, Excelsior katika San Francisco na Portland katika Seattle, zikiwa na wachimbaji waliokondeana kwa taabu na mizigo ya dhahabu iliyowashinda kubeba. Marekani ilikuwa katika dhiki ya fedha tangu 1893, kazi zimeadimika na mabenki yamefilisika, na kwa sababu hiyo makarani, wakulima, walimu, vinyozi na waume waliokuwa hawajapata kushika sururu waliacha walivyokuwa navyo wakaelekea kaskazini. Yasemekana waliofunga safari walipata watu 100,000 au zaidi, na waliofika hawakutimia nusu.

Njia iliyopitwa na wengi ilikuwa kipito cha Chilkoot, mteremko mkali wa theluji uliochongwa ngazi katika barafu, ambao mtu aliupanda mara 30 au 40, na kila mara akiwa na mzigo mgongoni, hata aimalize tani nzima ya vitu vyake. Kwa maana polisi wa Kanada waliokaa kileleni hawakumruhusu mtu kupita bila chakula cha mwaka mzima, ratili 1,150 hivi. Watu wengi waliinung'unikia amri hiyo, nami naiona kuwa iliokoa roho nyingi kuliko dawa zote zilizopelekwa huko. Waliochagua kipito jirani, White Pass, walitumia farasi, na farasi wapatao 3,000 walikufa humo kwa njaa, kwa kuvunjika miguu, na kwa kupigwa na watu ambao tamaa iliwasahaulisha shufaka. Tarehe 3 Aprili 1898, iliyokuwa Jumapili ya Matawi, theluji iliyolegea iliporomoka juu ya njia ya Chilkoot ikawazika watu zaidi ya 60. Wenzao walichimba kutwa wakifuata sauti zilizosikika chini ya theluji, na sauti zikipungua moja baada ya moja. Kule Dyea, chini ya mlima, yako makaburi yao, ambapo kibao baada ya kibao kina tarehe ile ile. Mtu akipita haulizi walikufaje, bali huuliza walitoka wapi, na jawabu ni kila pembe ya dunia.

Waliosalimika walijenga mashua kwa mbao walizopasua wenyewe, wakangoja barafu ya maziwa ivunjike mwishoni mwa Mei, kisha wakateremka mtoni kwa maelfu ya vyombo. Wengine walizama katika maji ya kasi ya White Horse, hata afisa wa polisi Sam Steele akaamuru kwamba wanawake na watoto washuke na kupita nchi kavu, na kila chombo kiongozwe na nahodha aliyeyajua maji yale. Walipowasili Dawson, mahali mto Klondike unapoingia Yukon, walikuta vijito vyote vyenye dhahabu vimekwisha kugawanywa tangu mwaka uliotangulia. Aliyevuka milima kwa matumaini ya kuwa tajiri ilimbidi aombe kazi ya ujira kwa waliomtangulia.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Ardhi ya huko imeganda tangu kale, wala kiangazi hakiyeyushi ila ngozi ya juu tu, na dhahabu ilikuwa imelala chini kabisa, juu ya mwamba, futi 20, 30 au zaidi. Basi mchimbaji aliwasha moto juu ya ardhi jioni, akauacha ukiwaka usiku kucha, na asubuhi akateka matope yaliyoyeyuka, ambayo kina chake pengine hakikuzidi futi moja. Kisha akawasha tena. Hivyo ndivyo shimo lilivyoshuka, siku baada ya siku, katika miezi ambayo jua lilichungulia kwa saa chache tu nyuma ya vilima. Mmoja alikuwa chini akijaza ndoo, na mwenzake juu akizungusha kigogo cha kukunjia kamba, na ndevu za wote wawili nyeupe kwa pumzi iliyoganda. Moshi na hewa mbaya ya moto uliozimika vilikaa chini ya shimo, na aliyeshuka mapema alianguka bila kupiga ukelele. Wakifika kwenye mwamba walichimba vichochoro vya kando, wakiinama au kulala ubavu, wakifuata mkondo wa mto wa kale ambao dhahabu ilitua ndani yake.

Changarawe zilirundikwa nje, nazo zikaganda tena mara moja kuwa kilima kigumu, zisioshwe mpaka maji yatiririke mwezi wa Mei. Katika muda wote huo mtu hakujua amechuma au amepoteza. Aliweza tu kuchukua karai moja la changarawe, akaingia nalo kibandani, akayeyusha theluji jikoni, akaosha kwa mwanga wa mshumaa, akizungusha karai polepole hata mchanga umalizike na pabaki chenga kidogo za manjano. Akakisia kwa hizo thamani ya kilima kizima. Mwenye kulipwa mshahara alipata kama dola 1.50 kwa saa, ujira uliokuwa mara nyingi wa ule wa miji ya kusini, lakini yai moja liliweza kuuzwa dola nzima, na vitu vyote vilinunuliwa kwa kupimiwa vumbi la dhahabu mizanini, kiasi kikimwagika kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Kibanda kilikuwa cha magogo, nyufa zimezibwa kwa kuvumwani, paa limefunikwa udongo, na dirisha, kama lilikuwapo, lilikuwa la kitambaa au la chupa zilizopangwa. Watu wawili au watatu walikaa humo miezi saba au minane, wakipumua moshi ule ule na kusikia kikohozi kile kile, na waliokuwa ndugu mwanzo wa majira waliachana mwisho wake kwa ugomvi wa kijiko. Chakula kilikuwa unga, maharagwe, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na kitu kilichoenziwa kupita vyote kilikuwa chachu ya mkate, ambayo wazee wa nchi waliilaza karibu na mwili wao usiku isife kwa baridi. Miguuni na mikononi walivaa viatu na mifuko ya vidole ya ngozi iliyoshonwa na wanawake wenyeji. Kate Carmack mwenyewe, ambaye jina lake lingeweza kuandikwa juu ya kitalu cha kwanza, alishona na kuuza viatu hivyo kwa wachimbaji ili nyumba ipate riziki katika majira ya baridi yaliyofuata ugunduzi. Bila ya sindano za wanawake hao sijui ni vidole vingapi vingalibaki katika bonde lile.

Kutokana na chakula hicho lilizuka gonjwa la kiseyeye. Mtu alianza kwa uvivu usio na sababu. Kisha fizi zikavimba na kutoka damu, meno yakalegea, miguu ikaota madoa meusi, na vidonda vya zamani vilivyopona vikafunguka upya. Alikufa akiwa na akili zake timamu, katika kibanda chenye gunia la unga na pengine mkebe wa dhahabu chini ya kitanda. Nchini kwetu, ambako ndimu huokotwa chini ya mti na mtoto asiyetumwa, ni vigumu kuamini kwamba kitu kidogo namna hiyo kingaliweza kumrudishia uhai. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wenyeji walijua dawa nyingine iliyosimama mlangoni pa kila kibanda, yaani maji ya majani mabichi ya misonobari yaliyochemshwa, na waliowasikiliza walipona.

Mji wa Dawson ulijengwa juu ya kinamasi. Katika kiangazi cha 1898, ambapo katika mji na vijito vyake walikusanyika watu wapatao 30,000, uchafu haukuwa na pa kwenda, kwa kuwa ardhi iliyoganda chini haikunywa maji, na watu walichota ya kunywa jirani na walipotupa taka. Homa ya matumbo ikaingia. Waliokuwa wamenusurika theluji ya Chilkoot na maji ya White Horse walilala mahemani wakitetemeka katika mwanga usiokoma, na mbu wakiwafunika nyuso.

Ndipo jina la Padre William Judge linapopasa kutajwa. Alikuwa Mjesuiti, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1850, mwembamba hata ukadhani upepo utamwangusha. Mwanzo wa 1897, wakati kila mtu alipokimbilia Dawson akiwa na chakula na zana, yeye alionekana njiani akiburuta kigari chake juu ya theluji pamoja na mbwa mmoja tu, na mzigo wake ulikuwa dawa, maana alikuwa amekwisha kutambua kitakachofuata. Alipofika alijenga hospitali ya magogo, akaipa jina la Mtakatifu Maria, na ikafunguliwa Agosti mwaka huo. Magodoro yake yalikuwa ya majani makavu, ambayo yeye mwenyewe aliyakusanya. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mpishi, mganga, mfariji na mzishi, wala hakuuliza mgonjwa ni wa dini gani kabla ya kumlaza. Kanisa alilolijenga kando yake liliteketea Juni 1898 kwa mshumaa alioacha ukiwaka alipoitwa kwa mgonjwa. Alex McDonald, mmoja wa matajiri wakubwa wa vijito, akalipa gharama za kulijenga upya. Homa ilipozidi, wagonjwa walilazwa hata vijiani. Mwaka huo huo walifika Masista wa Mtakatifu Anna, na wauguzi wanne wa shirika la Victorian Order walioandamana na askari wa Kanada, na hospitali ya pili, ya Waprotestanti, ikafunguliwa. Wanawake hawa waliosha mashuka kwa maji ya kuyeyushwa barafu, wakakesha, na majina yao hayapatikani katika nyimbo za mabaa ambazo watu huzikumbuka kila itajwapo Dawson.

Padre Judge alishikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 16 Januari 1899, umri wake miaka 48. Maduka yalifungwa. Kuchimba kaburi lake kulichukua zaidi ya siku mbili, na yeyote aliyepata kuchimba huko alijua sababu. Kaburi la Klondike lilichimbwa kwa njia ile ile ya shimo la dhahabu: moto usiku, kuteka asubuhi, moto tena. Watu wale wale, kwa zana zile zile, walitafuta riziki na kuwastiri wenzao. Nimelifikiria jambo hili sana. Kuni zilikuwa ghali, kila siku ya kazi ilikuwa na thamani yake katika vumbi la dhahabu, na bado watu wasiomjua marehemu isipokuwa kwa jina la utani walitoa kuni na siku zao kumchimbia. Kwangu mimi hii ni heshima kubwa kuliko yote iliyopata kuandikwa juu yao, na kama wangekuwa ni watu wa tamaa tupu, kama wengine wanavyowasema, maiti wangaliachwa chini ya theluji mpaka Mei.

Na uhai nao haukukosa wa kuupokea. Martha Purdy, mwanamke wa Chicago, aliipanda Chilkoot mwaka 1898 akiwa mjamzito, pasipo mume, ambaye alibadili nia njiani. Alijifungua mtoto wa kiume Januari 1899 katika kibanda cha magogo, wala hakuwa na fedha za kulipia hospitali. Habari zilipoenea wachimbaji walikuja mmoja mmoja, wamechana ndevu zao, wakileta mikate, nyama ya mawindo na vumbi la dhahabu, wengi wakiomba tu waruhusiwe kumshika mtoto, kwa sababu walikuwa na wa kwao waliowaacha mbali. Mwanamke huyo alibaki nchini, akaolewa upya na kuitwa Martha Black, na mwaka 1935 alichaguliwa kuingia Bunge la Kanada, wa pili miongoni mwa wanawake kupata cheo hicho.

Adhama ya Dawson haikudumu. Tarehe 26 Aprili 1899 moto uliteketeza majengo 117, na maji yaliyopelekwa kuuzima yakaganda ndani ya mipira. Kiangazi hicho zikaja habari za dhahabu ya Nome, pwani ya Alaska, na watu maelfu wakashuka mtoni bila kugeuka. Baada yao yalikuja makampuni yenye mitambo mikubwa ya kuchotea changarawe, na mchimbaji wa moto na ndoo akawa kibarua au akaenda zake. Carmack alimwacha Kate mwaka 1900 akaoa mwingine. Kate akarudi Carcross kwa watu wake, akaishi katika nyumba aliyojengewa na Keish, akiuza kazi za mikono kwa watalii, hata homa ya mafua iliyozunguka dunia ikamchukua mwaka 1920. Keish alikuwa amefariki 1916, akiwa ameacha wasia kwamba mali yake iwekwe wakfu kwa manufaa ya wenyeji wa Yukon.

Oktoba 1918, wakati wakazi wa Dawson walipokuwa wakielekea kusini kabla mto haujaganda, wengi walipanda meli iitwayo Princess Sophia katika bandari ya Skagway. Ilipanda mwamba wa Vanderbilt usiku wa theluji kuamkia tarehe 24, ikakaa hapo muda wa siku moja na nusu, vyombo vya kuokoa vikiizunguka bila kuweza kukaribia kwa ukali wa bahari, na jioni ya tarehe 25 ikazama na watu wote waliokuwamo, zaidi ya 340. Walikuwamo wachimbaji wakongwe, mabaharia wa mtoni, na familia nzima zilizokuwa zimeishi huko miaka 20. Meli iliyochukua maiti iliwasili Vancouver tarehe 11 Novemba, siku vita kuu vilipokoma, mji mzima ukiwa barabarani kwa shangwe. Na hivyo msiba mkubwa kuliko yote ya Yukon ukapita bila kusikilizwa.

Nimeiweka nyuma jamii moja ambayo kwa haki ingetangulia, nayo ni ya Tr'ondëk Hwëch'in, watu waliovua samoni mahali Klondike inapokutana na Yukon, katika kambi yao ya Tr'ochëk, kabla mgeni yeyote hajalitamka jina la Tr'ondëk vibaya kuwa Klondike. Wageni walipofurika, misitu ikakatwa kwa ajili ya mashimo na majiko, wanyama wakaondoka, na maradhi yakaingia. Mkuu wao, Chifu Isaac, aliona kwamba kukaa pale ni kuangamia, akawahamisha mwaka 1897 hadi Moosehide, kilomita 5 hivi chini ya mto. Akihofu kwamba hata nyimbo na ngoma za wazee zitapotea katika zahama ile, alizipeleka kwa jamaa zao wa upande wa Alaska, akaziweka amana. Yeye mwenyewe hakuwatenga wageni. Alikwenda Dawson katika sherehe zao, akasimama mbele yao, akawakumbusha waziwazi kuwa wamechukua dhahabu na wanyama wa watu wake bila ruhusa. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na alifariki 1932.

Amana ilirejeshwa. Wajukuu waliwaendea jamaa wa Alaska wakafundishwa nyimbo zile, na tangu miaka ya 1990 hukutana Moosehide kila baada ya miaka miwili, pamoja na wageni wanaowaalika. Mwaka 1998 walitia saini mkataba na serikali za Kanada na Yukon, uliowatambua kuwa wenye mamlaka juu ya mambo yao, na kwa mkataba huo Tr'ochëk, mahali pa nyavu za babu zao, ni milki yao tena.